Ziwa Lenye Mlango Mmoja

Mwaka 1966 Wafaransa walizindua kituo cha umeme cha La Rance, kwenye pwani ya Bretagne, mahali ambapo bahari hujaa na kupwa kwa kimo kikubwa. Kilikuwa cha megawati 240, na nguvu yake yote ilitokana na maji ya bahari yanayoingia mlangoni mwa mto na kutoka. Korea Kusini ilifuata mwaka 2011 kwa kituo cha Sihwa, megawati 254. Kila habari za namna hii zinapofika Mwanza watu huuliza, na wana haki ya kuuliza: tuna maji mengi kiasi hiki mbele ya macho yetu, ziwa la kilomita za mraba 68,800, karibu nusu yake ndani ya mipaka ya Tanzania, mbona halituwashii taa?

Linawasha. Limekuwa likiwasha tangu mwaka 1954. Ila taa zenyewe ziliwaka Jinja, Kampala na Nairobi, na kwa miongo mingi kilichoifikia Mwanza kutoka kwenye umeme ule ni jambo moja tu: kina cha maji kinachoamuliwa ng'ambo, na watu ambao Mwanza haikuwachagua.

Tuanze na maumbile ya ziwa, maana bila hayo siasa yake haieleweki. Mvuvi wa Ukara au Kome hajui bamvua wala maji mafu. Maji yake hayajai na kupwa kwa mwezi kama ya Bagamoyo. Upepo wa mchana huinua mawimbi yanayoweza kuzamisha mtumbwi, lakini mawimbi hayo ni mafupi na hufa upesi. Na ziwa lenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, ni kama sinia: pana mno, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu. Sehemu kubwa ya maji yake, karibu asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Yanayobaki huletwa na mito, na mkubwa kati ya hiyo ni Kagera. Kisha sehemu kubwa ya maji hayo hurudi angani kwa jua. Kilichosalia hutoka kwa mlango mmoja tu, kaskazini, pale Jinja, ambako Mto Nile huanza safari yake.

Basi nguvu ya ziwa hili haiko mawimbini. Iko kwenye mlango huo mmoja, ambako maji yaliyokaa zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari huanza kuteremka. Anayeshika mlango wa Jinja ameshika ziwa zima, hadi Bukoba, hadi Musoma, hadi ghuba ya Mwanza.

Mzungu wa kwanza kuandika habari za ziwa alilitazama kutoka huku kwetu. Tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alipanda mwinuko karibu na Mwanza akiwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani hadi India na ambaye bila yeye safari ile isingefika mbali. Speke alilipa ziwa jina la malkia wake na kudai kwamba ndilo chanzo cha Nile. Hakuwa na ushahidi. Ilimbidi arudi tena, azunguke magharibi kupitia Karagwe na Buganda, hadi tarehe 28 Julai 1862 aliposimama mbele ya maporomoko ambayo aliyaita Ripon. Hapo aliona maji yakimwagika juu ya ukingo wa mwamba. Ukingo ule ndio uliokuwa ukipima ziwa tangu zamani: maji yakiwa mengi yanapita mengi, yakipungua yanapita machache. Hapakuwa na mwenye ufunguo.

Wazo la kuufunga mlango lilikuja mapema. Mwaka 1907 Winston Churchill, akiwa kijana wa wizara ya makoloni ya Uingereza, alifika Jinja, akatazama maporomoko, na katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata akaeleza jinsi mitambo ingeweza kuwekwa pale na kulifanya bara hili lifanye kazi kwa nguvu ya Nile. Wengi hulitaja hilo kama maono ya mtu mkubwa. Mimi naliona zaidi kama mwanzo wa desturi ya kulitazama ziwa zima kana kwamba ni mali ya mlango wake.

Hata hivyo, kabla ya mashine kulikuja karatasi. Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza ilikubaliana na Misri kwamba pasijengwe kitu chochote juu ya Nile na matawi yake, wala kwenye maziwa yanayoulisha, ikiwa kitapunguza maji ya Misri au kuyachelewesha, isipokuwa Misri imeridhia. Uingereza ilitia saini kwa niaba ya nchi zilizokuwa chini yake, Tanganyika ikiwamo. Msukuma aliyekuwa akilima pamba Magu au Mkerewe aliyekuwa akivua ningu hakujua kuwa siku ile maji ya mbele ya nyumba yake yalikuwa yamewekewa masharti kwa ajili ya mashamba ya bonde la mbali.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Uganda ilitaka umeme kwa haraka. Mwaka 1947 mhandisi Charles Westlake aliitwa kuchunguza, akashauri bwawa lijengwe kwenye maporomoko ya Owen, kilomita chache chini ya Ripon. Mwaka 1948 Bodi ya Umeme ya Uganda ikaundwa, Westlake akiwa mwenyekiti. Lakini mkataba wa 1929 ulikuwa mezani, hivyo Uingereza ikalazimika kuzungumza na Cairo. Barua za makubaliano zilibadilishanwa mwaka 1949, na nyingine zikafuata hadi mwanzoni mwa 1953. Misri iliona nafasi kubwa: ikiwa bwawa litajengwa kwa kimo kirefu zaidi ya mahitaji ya Uganda, Ziwa Victoria lote litageuka ghala la maji, la kuwekea akiba ya miaka ya neema kwa ajili ya miaka ya ukame. Kwa hiyo Misri ilichangia gharama za kuliinua bwawa, na ikakubali kuilipa Uganda paundi 980,000 kwa umeme ambao ungepotea kwa ajili ya mpango huo. Ilipata pia haki ya kumweka mhandisi wake Jinja, akae pale, atazame maji yanavyotoka.

Nasimama kidogo hapa. Kulikuwa na mhandisi wa Misri kwenye mlango wa ziwa, kilomita elfu kadhaa kutoka kwao. Tanganyika, yenye nusu ya ziwa, haikuwa na mtu wake pale. Sitafuti njama katika jambo hilo. Ndivyo ukoloni ulivyohesabu, na London ilijiona inatosha kuwasemea wote. Lakini matokeo yake yamedumu kuliko ukoloni wenyewe.

Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls. Ukuta wake una kimo cha mita 31, na nafasi iliachwa kwa mitambo kumi ya megawati 15 kila mmoja, iliyofungwa kidogo kidogo hadi wa mwisho mwaka 1968. Maporomoko ya Ripon yalizama. Ukingo wa mwamba aliouona Speke haukuwa tena mpimaji. Kazi hiyo ilihamia kwenye milango ya chuma. Ili Misri na Sudan zisidhulumiwe, ilikubaliwa kwamba milango ifunguliwe kwa kufuata jedwali: kina kikiwa hiki, maji yatoke kiasi hiki, sawasawa na jinsi ambavyo Ripon ingeyaachia kwa asili. Wahandisi waliliandika jedwali hilo kwa mchoro wa mstari uliopinda, na kwa miaka karibu hamsini lilikuwa ndiyo sheria halisi ya ziwa, ingawa watu wa mialoni hawakuwahi kulisikia likitajwa.

Umeme ulipotoka, viwanda vikaufuata. Jinja ilipata kiwanda cha nguo na cha kuyeyushia shaba ya Kilembe. Mwaka 1955 Uganda na Kenya zilitia saini mkataba wa miaka 50 wa kuuziana megawati 30, na mwaka 1958 nyaya za kutoka Tororo zikafika Nairobi. Mwanza je? Mwanza ilikuwa mji wa pamba. Reli ya kutoka Tabora ilikuwa imefika tangu 1928. Mwaka huo huo wa 1955 Paul Bomani na wenzake waliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya wakulima barani Afrika. Pamba ilikuwapo, watu walikuwapo, bandari na reli vilikuwapo. Kilichokosekana ni umeme wa bei nafuu. Taa za mji na mashine zake ziliendeshwa kwa mafuta yaliyosafirishwa kwa reli kutoka pwani, huku maji ya ziwa lile lile yakizungusha mitambo ng'ambo. Siku zote husemwa kwamba Uganda iliendelea kiviwanda mapema kwa sababu ya sera. Bwawa lina sehemu yake kubwa katika hadithi hiyo, na sisi wa kusini mwa ziwa tulikuwa wachangiaji wa maji.

Kisha zikaja mvua. Mwishoni mwa 1961, Tanganyika ikipandisha bendera yake, mvua za vuli zilipiga Afrika Mashariki bila kukoma. Ziwa lilianza kupanda, na halikusimama hadi 1964, likiwa limepanda kwa zaidi ya mita mbili. Hebu tupige hesabu. Katika ziwa la ukubwa huu, sentimita moja peke yake ni karibu mita za ujazo milioni 690. Mita mbili ni maji ambayo akili haiyashiki. Magati yalifunikwa, mashamba ya mpunga na mihogo ya ufukweni yalikufa, watu wakahamisha nyumba. Katika nchi zote tatu za ziwa, Tanganyika, Uganda na Kenya, watu walinyoosha kidole Jinja: bwawa la Waingereza limezuia maji yetu. Walikosea, na ni haki kusema hivyo. Milango ilikuwa ikifuata jedwali, na maji yaliyopita Jinja katika muongo ule yalikuwa karibu mara mbili ya yale ya miongo iliyotangulia. Mvua ndiyo iliyolijaza ziwa. Lakini kosa lao lilikuwa na mzizi: hakuna aliyekuwa amewaeleza bwawa linafanya nini, na asiyeelezwa hutafuta maelezo mwenyewe. Moja ya matunda ya mafuriko yale ni uchunguzi mkubwa wa hali ya hewa na maji uliofanywa kuanzia 1967 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ukishirikisha nchi za ziwa pamoja na Misri na Sudan. Kwa mara ya kwanza vipimo vya mvua na kina viliwekwa na kusomwa kwa pamoja pande zote.

Mpango wa Misri wa kulifanya ziwa ghala la akiba haukutimia kamwe. Ziwa lilijaa lenyewe, na Misri ikajenga Bwawa Kuu la Aswan ndani ya mipaka yake. Wakati huo huo Dar es Salaam ilikuwa imesema neno lake. Tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba mkataba wa 1929 hauifungi nchi huru. Msimamo huo wa Julius Nyerere ulikuwa na busara ya kipekee: mikataba ya nchi mbili iliyorithiwa ilipewa muda wa miaka miwili wa kujadiliwa upya, na isiyojadiliwa ikaanguka. Wanafunzi wa sheria ulimwenguni bado wanausoma. Kwa Mwanza maana yake ilikuwa nyepesi kueleweka: maji ya mbele yetu hayahitaji kibali cha Cairo.

Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla ya haki hiyo kutumika kwa kishindo. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kujenga mradi wa kuvuta maji kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama, na haikuomba ruhusa. Misri ilinung'unika. Bomba likajengwa. Wanawake wa Shinyanga waliokuwa wakichimba mchanga wa mto kutafuta maji wanajua thamani ya barua ile ya 1962 kuliko profesa yeyote.

Nimeruka mambo, nayo hayarukiki. Vita vya Kagera vililigusa ziwa na umeme wake moja kwa moja. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja la Kyaka. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Amin iliruka kuja Mwanza kulipua matangi ya mafuta. Ilikosa shabaha, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala. Ukitazama, shabaha ile inaeleza hali ya mji: kuizima Mwanza ulihitaji kuchoma mafuta yake. Tarehe 22 Aprili wanajeshi wa Tanzania waliingia Jinja, na hofu yao kubwa ilikuwa bwawa. Lingevunjwa, Uganda ingebaki gizani na Nile ingefurika. Walilikuta zima, wakalilinda. Vijana wa Usukuma na Mara walisimama juu ya ukuta unaolishika ziwa la nyumbani kwao, bunduki begani, kwa ajili ya umeme wa nchi jirani.

Na Kyaka pale pale, mwanzoni mwa miaka ya 1990, pakawa mahali pa kuingilia umeme. Njia ya kilovolti 132 ilivutwa kutoka Masaka hadi Kyaka, na mji wa Bukoba ukaanza kuwashwa kwa umeme wa Uganda. Hivyo watu wa Bukoba wakawa Watanzania wa kwanza wa ufukweni kupata umeme wa ziwa lao, baada ya maji kwenda Jinja, kupita kwenye mitambo, na nguvu yake kurudi kwa nyaya kupitia Masaka.

Mwanza ilipata umeme wa gridi kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1980 njia ndefu ya kilovolti 220 ilijengwa kutoka kusini, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga. Mji ulioko kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika ulianza kuwashwa kwa maji ya Ruaha Mkuu, kutoka Kidatu na Mtera. Ukiwa mwishoni mwa waya mrefu hivyo, umeme hukufikia umechoka, na bwawa la mbali likikauka unazimika wewe pamoja na lile. Mgao wa 2006, Mtera ilipokauka, Mwanza iliuonja barabara: viwanda vya minofu ya sangara vikiendeshwa kwa jenereta, barafu ikiwa dhahabu kwenye mwalo wa Kirumba.

Wakati huo huo ziwa lenyewe lilikuwa likishuka. Uganda ilikuwa imejenga kituo cha pili kando ya kile cha kwanza, Kiira, mitambo mitano ya megawati 40, kilichoanza kazi mwaka 2000. Cha zamani kikapewa jina la Nalubaale. Makadirio ya Kiira yaliegemea miaka ya maji mengi iliyofuata 1961, kana kwamba mvua zile zilikuwa desturi. Mitambo ya vituo vyote viwili ikizunguka kwa nguvu zote inahitaji maji mengi kuliko jedwali linavyoruhusu katika miaka ya kawaida. Ukame ulipokuja, na Kampala ikidai umeme, milango ilifunguliwa kupita jedwali. Mwanzoni mwa 2006 mtaalamu wa maji Daniel Kull alitoa hesabu yake: katika miaka ya 2004 na 2005, zaidi ya nusu ya kushuka kwa ziwa kulitokana na maji yaliyoachiwa kupita kiasi Jinja, na kilichobaki ndicho cha ukame. Kufikia mwishoni mwa 2006 ziwa lilikuwa limeshuka hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80.

Huku kusini watu walikuwa wakitazama mawe yakiibuka. Vivuko vilipata tabu kutia gati. Mabomba ya kuvutia maji ya miji yalikaribia kubaki juu. Matete, ambamo sato huzaa na watoto wa samaki hujificha, yalisimama kwenye matope makavu. Nina hasira na jambo hili hadi leo, wala siifichi, ingawa sina ugomvi na Waganda, ambao walikaa gizani kama sisi. Hasira yangu ni kwamba ziwa la nchi tatu lilichotwa kwa uamuzi wa chumba kimoja cha mitambo, na wavuvi wa Sengerema walijua kwa kuona mitumbwi yao imekaa nchi kavu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa tayari na itifaki ya bonde la Ziwa Victoria tangu 2003. Karatasi ilikuwapo, maji hayakuisoma.

Maji yana kisasi chake pia. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 magugu maji yalikuwa yameingia ziwani, mengi yakiletwa na Kagera, yakafunga bandari na mialo, na Jinja yakasumbua mitambo. Tarehe 14 Aprili 2020 kisiwa kizima cha magugu kilichomeguka ufukweni kilielea hadi kwenye bwawa, kikaziba njia za maji, na Uganda nzima ikazimika. Sababu ya kumeguka ilikuwa kwamba ziwa, baada ya mvua za 2019, lilikuwa limepanda tena. Mwezi uliofuata kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Safari hii Uganda ilikuwa na haki ya kufungua sana, lakini ikifungua sana inawafurikisha walio chini, kwenye Ziwa Kyoga. Isipofungua, Mwanza, Musoma na Kisumu zinaogelea. Hakuna uamuzi usiomlowesha mtu.

Tuje sasa kwenye maji yanayoingia, kwa sababu hapo ndipo Tanzania hatimaye imepata mkono wake. Kagera hupita Rusumo, wilayani Ngara, mpakani na Rwanda, na pale huanguka kati ya miamba. Tarehe 24 Agosti 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini palepale Rusumo mkataba wa kuunda shirika la bonde la Kagera, Uganda ikajiunga mwaka 1981, na umeme wa maporomoko ulikuwa ndoto yao kuu. Fedha hazikupatikana. Kisha ikaja Aprili 1994, na mauaji ya kimbari ya Rwanda. Ndani ya siku moja hivi, mwisho wa mwezi ule, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Chini ya miguu yao mto ulikuwa umebeba maiti. Zilipita kwenye maporomoko, zikateremka Kagera yote, zikaingia ziwani. Kando ya ziwa watu waliacha kula samaki. Wapo wazee wa mialoni ambao hata leo hawazungumzi juu ya mwaka ule.

Kwa hiyo nilipoona mitambo ya Rusumo ikianza kuzunguka mwaka 2023 sikuihesabu kwa megawati peke yake. Ni kituo cha megawati 80, mitambo mitatu, na umeme wake unagawanywa sawa kwa nchi tatu, kila moja karibu megawati 27. Michoro ya awali ilikuwa na bwawa kubwa ambalo lingezamisha mashamba mengi. Likapunguzwa, mto ukaachwa upite karibu kama unavyopita. Fungu la Tanzania linasafiri hadi Nyakanazi na kuingia kwenye gridi ya kanda ya ziwa. Yaani sasa maji ya Kagera yanatoa umeme kwanza Rusumo, halafu yanaingia ziwani, yanakaa huko miaka na miaka, ndipo yanatoka Jinja kutoa umeme mara ya pili, na tena chini zaidi kwenye Nile, Bujagali, na Isimba, na Karuma. Mradi wa Kakono, megawati 87.8, pia kwenye Kagera, upande wetu kabisa, umeshatafutiwa fedha.

Mwanza yenyewe iliongezewa nguvu kwa njia isiyopendeza mazingira: kituo cha Nyakato cha megawati 60, kinachochoma mafuta mazito, kilichozinduliwa 2013. Kisha ikaja njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa hadi Shinyanga, na kuanzia 2024 bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, megawati 2,115, lilipoanza kuingiza umeme wake kwenye gridi. Waliolijenga ni kampuni za Misri. Nchi iliyokuwa ikihesabu kila tone lililopita Jinja ilitujengea bwawa kubwa kuliko yote nchini mwetu, kwenye mto usiopeleka hata tone moja Nile. Sioni unafiki ndani yake. Naona Misri ikifahamu kwamba Tanzania yenye umeme wa Rufiji itakuwa na haraka ndogo ya kuligusa ziwa.

Usiku usio wa mbalamwezi, taa za wavuvi wa dagaa hutanda ziwani kuanzia Ukerewe hadi visiwa vya Bukoba. Zamani zilikuwa karabai zilizokunywa mafuta ya taa na kula faida ya mvuvi. Leo nyingi ni taa za betri, na betri huchajiwa kwa sola ufukweni. Ni umeme mdogo, wa mtu mmoja mmoja, na haungoji gridi ya mtu yeyote.

Jambo kubwa lililobaki ni lile lile la mlango. Mwaka 2010 Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zilitia saini Entebbe mkataba mpya wa ushirikiano wa bonde la Nile, Kenya na Burundi zikafuata, Misri na Sudan zikakataa. Ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024. Unasema maji yatumike kwa haki na kwa kiasi, na unaunda kamisheni. Kisumu nako kuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa ikiandaa sera ya pamoja ya kuachia na kuchota maji ya ziwa. Sera hiyo ikikamilika ndiyo itakayosema kina gani kisivukwe chini, kina gani kisivukwe juu, milango ya Jinja ifunguliwe kwa idhini ya nani, na ofisi ipi ya Mwanza ipewe taarifa kabla haijafunguliwa.